Yatima Naye Afurahi

Somo: Kumbukumbu la Torati 16:13–15, Mambo ya Walawi 23:42–43

Kama unayo Biblia karibu, ifungue pamoja nami katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, kuanzia mstari wa 13.

Hapo Musa anawafundisha Waisraeli jinsi ya kuiadhimisha Sikukuu ya Vibanda. Mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na zabibu zimekwisha kukamuliwa. Sasa ni siku saba za furaha. Lakini angalia ni nani wanaoitwa. Mwenye nyumba anaitwa pamoja na watoto wake, na watumishi wake pia. Kisha Musa anaendelea kuhesabu: Mlawi asiye na shamba, mgeni asiye na kwao, yatima asiye na baba, mjane asiye na mume. Wote wametajwa. Na agizo lililotolewa juu ya yatima hapo si kwamba alishwe tu, wala si kwamba avikwe tu. Agizo ni kwamba afurahi.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Yatima hadeki." Ni methali ya kweli. Mtoto mwenye mama akianguka hulia, kwa kuwa anajua yuko mtu wa kumbembeleza. Mtoto asiye na mama huanguka, akainuka, akajipangusa vumbi, akanyamaza. Amlilie nani? Waliotunga methali hii hawakuwa wakatili, walisema waliyoyaona. Lakini Mungu hakuridhika na hali hiyo. Akaweka sheria kwamba mtoto huyo naye aketi karamuni, acheke kama watoto wengine wanavyocheka.

Leo nataka tutafakari kazi moja ifanywayo na makanisa katika nchi ya mbali, inayofanana sana na agizo hili. Nazungumza juu ya kambi za likizo kwa watoto yatima na watoto waliofukuzwa makwao na vita, katika nchi ya Ukraine.

Nyasi zilizoumia

Vita hiyo mmesikia habari zake. Ilianza upande wa mashariki mwaka 2014, na tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yakaivamia nchi kutoka pande kadhaa. Hata sisi huku ilitugusa, maana mwaka ule bei ya unga wa ngano na ya mkate ilipanda. Lakini watu wa kule walipoteza zaidi ya mkate. Ulipotimia mwezi mmoja tu, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, UNICEF, lilitangaza kwamba watoto milioni 4.3 wamekwisha kuyahama makao yao, katika nchi iliyokadiriwa kuwa na watoto milioni 7.5. Ndugu msikilizaji, hiyo ni zaidi ya nusu! Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Tena nchi hiyo ilikuwa na kilio cha watoto hata kabla ya mwaka 2022. Watoto karibu 100,000 walikuwa wakiishi katika nyumba za watoto na shule za bweni. Wengi wao hawakuwa wamefiwa. Wazazi walikuwako, lakini umaskini, ulevi, au ulemavu wa mtoto mwenyewe ndio uliomtoa nyumbani. Basi yatima si yule tu ambaye baba yake yuko kaburini. Yuko yatima ambaye baba yake yu hai na wala haulizi habari zake.

Kule watoto hufunga shule wakati wa majira ya joto, tangu Juni hadi Agosti, na kurudi masomoni tarehe 1 Septemba. Katika miezi hiyo mitatu makanisa huwakusanya kambini, wengine katika milima ya Carpathian upande wa magharibi, mbali na uwanja wa vita. Asubuhi ni mazoezi ya viungo, kisha somo la Biblia. Mchana ni michezo, kazi za mikono na kuogelea. Jioni ni nyimbo mbele ya moto.

Haikuwa hivyo sikuzote. Katika enzi ya Kisovieti sheria ya mwaka 1929 ilikataza jumuiya za dini kuwafanyia watoto mikutano yao, kuwachukua matembezini, hata kuwawekea viwanja vya kuchezea. Watoto walikwenda kambini, lakini zilikuwa kambi za chama, wamevaa skafu nyekundu. Mashuhuri kuliko zote ilikuwa Artek, katika Krimea, iliyofunguliwa mwaka 1925. Nchi ilipojipatia uhuru mwaka 1991, makanisa ya Kiprotestanti, ambayo ni machache kati ya Waorthodoksi wengi, yalianza kuwaita watoto bila kujificha. Kwa hiyo vita ilipokuja waliikuta kazi mikononi mwao, nao wakajua la kufanya.

Hema la mkimbizi na hema la furaha

Kwetu Kenya neno "kambi" lina uchungu ndani yake. Tukisikia kambi tunakumbuka Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991. Tunakumbuka Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu mamia ya maili, wengi wao bila baba wala mama. Tunakumbuka pia mahema ya ndugu zetu wenyewe, yaliyosimama katika viwanja vya maonyesho vya Nakuru na Eldoret baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati zaidi ya watu 1,100 walipouawa na mamia ya maelfu kukimbia. Mtoto aliyelala katika hema la namna hiyo, je, utamwambia nini akipendezwa na kambi?

Hapa ndipo hekima ya Mungu inaponishangaza. Waisraeli walipotoka Misri walikaa vibandani, kwa kuwa hawakuwa na nyumba. Kibanda kilikuwa alama ya taabu yao. Lakini soma Mambo ya Walawi 23, mstari wa 42 na 43. Mungu anawaagiza wakae vibandani siku saba kila mwaka, hata watakapokuwa na nyumba za mawe, ili vizazi vyao vijue jinsi alivyowakalisha baba zao alipowatoa utumwani. Alikichukua kibanda kile kile cha taabu akakifanya mahali pa karamu. Hakuwaambia wasahau. Aliwaambia wakumbuke wakiwa wanakula, wakiwa na watoto wao, na Yeye akiwa kati yao.

Hiyo ndiyo kazi ya kambi njema. Mtoto aliyelala chini ya ardhi kwa hofu ya mabomu analazwa mahali penye miti na utulivu. Wahudumu waangalifu hawapigi baruti za kufurahisha wala hawapasui mapulizo, maana mlio wa ghafula kwa mtoto huyo si mchezo. Hata huko king'ora kinaweza kulia, na watoto wakaongozwa tena mahali pa kujihifadhi. Lakini safari hii yuko mtu mzima aliyemshika mkono, anayemwita kwa jina lake. Akilia usiku, kuna wa kumwuliza, "Una nini, mwanangu?" Kwa siku kumi, yatima anadeka.

Kambi ni ahadi

Sasa, wapendwa, sikilizeni jambo zito. Mwaka 2022, katika sehemu zilizotekwa za Ukraine, wako watoto waliopelekwa kambi za likizo, nyingine huko huko Krimea. Wazazi waliambiwa ni kwa muda wa wiki mbili hivi. Wiki zikapita, na watoto wengine hawakurudishwa. Wako akina mama waliosafiri kupitia nchi kadhaa kwenda kuwachukua watoto wao. Tarehe 17 Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, ilitoa hati za kukamatwa kwa Rais wa Urusi, Vladimir Putin, na mjumbe wake wa haki za watoto, Maria Lvova-Belova, kwa tuhuma za kuwahamisha watoto kinyume cha sheria. Urusi imekana, ikisema iliwaokoa watoto hatarini.

Simtaji mtu hapa ili tumhukumu. Mahakama ina kazi yake, na Mungu ni mwamuzi wa wote. Nayataja ili tuone kwamba kambi ni ahadi. Mtu mzima anapomwambia mtoto, "Twende, tutakurudisha," ameiweka roho ya mtoto yule katika neno lake. Neno likivunjika, mtoto hapotezi likizo tu. Anapoteza uwezo wa kumwamini mtu. Na asiyeweza kumwamini mtu anayemwona, atamwaminije Mungu asiyemwona?

Nasi tusijidhani tu salama kwa kuwa hatukumteka mtoto wa mtu. Zipo njia nyepesi za kuivunja ahadi. Wageni huja katika nyumba ya yatima na peremende na magitaa, hukaa wiki moja, huwabeba watoto mgongoni, hupiga picha nyingi, huahidi kuandika barua, na kuondoka. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara mbili ameachwa mara ya tatu. Furaha ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa na mlango wa kuingilia kesho.

Baada ya sikukuu

Sheria ya Musa iliijua hatari hii. Sikukuu ya Vibanda ilikwisha kwa wiki moja. Lakini geuza kurasa chache tu, ufike sura ya 24, mstari wa 19 hadi 21. Mwenye shamba akisahau mganda shambani, asirudi kuuchukua. Akiisha kutikisa mzeituni, asirudie matawi. Akichuma zabibu, asiokote masazo. Yote hayo ni ya mgeni, yatima na mjane. Yaani yatima aliyecheka karamuni anapewa pia njia ya kula wakati karamu imekwisha. Sikukuu bila masazo ya shambani ni maonyesho tu. Na masazo bila sikukuu humfanya yatima awe mwombaji wa siku zote, anayelishwa bila kupendwa. Mungu aliagiza yote mawili.

Kwa hiyo kambi ifaayo hukabidhi. Mtoto arudipo mjini, liko kanisa la karibu linalomjua kwa jina, na mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyekuwa naye kambini. Wako watu wa kuuliza kama ana viatu vya kuanzia Septemba. Wako pia waumini wanaowachukua watoto wa namna hii nyumbani mwao wawe watoto wao, na hilo ndilo jema kuliko yote, maana hakuna kambi iliyo bora kuliko meza ya nyumbani.

Basi wewe, baba, na wewe, mama, unayenisikiliza, usingoje vita. Watoto wetu hufunga shule Aprili, Agosti na Desemba. Katika kijiji chako yuko mtoto ambaye likizo kwake ni jembe na njaa tu. Ninyi Chama cha Akina Mama, ninyi vijana, uwanja wa kanisa mnao, sufuria mnazo, mahindi na maharagwe yapo. Waiteni siku tatu. Wachagueni watu wa kuaminika, wasiopungua wawili kwa kila kundi, na walezi wa watoto waarifiwe. Msiahidi msiloweza kulitimiza. Na siku ya nne, kila mtoto awe na mtu mmoja atakayemjulia hali mwezi ujao, na mwezi ule mwingine.

Bwana wetu Yesu naye alihudhuria Sikukuu ya Vibanda. Tunasoma habari hiyo katika Yohana 7. Na usiku ule wa mwisho kabla ya kusulibiwa, Yohana 14:18, aliwaahidi wanafunzi wake kwamba hatawaacha yatima. Ahadi hiyo hakuivunja. Sisi tulioipokea, na tusiivunje mbele ya watoto wake.

Na tuombe. Baba wa yatima, wakumbuke usiku huu watoto walio mbali na kwao, wa Ukraine, wa Sudan, wa Kongo, na wa nchi yetu. Warudishe waliochukuliwa. Wape usingizi wenye hofu. Fungua milango ya nyumba zetu, na utufanye watu wa kutimiza neno letu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.