BANDARI YA KASANGA NA MAHINDI YETU

Ndugu wanachama, haya ndiyo tuliyosema kwenye kikao cha tawi.

Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ni bandari ya mkoa wetu katika Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga hapo miaka mingi ikielekea Mpulungu, Zambia. Ng'ambo ni Kongo, kwenye wanunuzi wa mahindi. Lami sasa inafika kutoka Sumbawanga kupitia Matai.

Lakini sisi Kaengesa bado tunauza shambani kwa lumbesa. Tupige hesabu kwanza: bei ya Kasanga, toa usafiri, magunia, ushuru na kibali. Kinachobaki kikizidi bei ya shambani, tukusanye mzigo, tupime kwa mizani, tukodi lori moja. Mwenye magunia kumi peke yake hapangi bei.

Katibu wa Tawi, Kaengesa