Kitabu cha Kila Mtu Nyumbani: Mazungumzo kwa Wazazi na Wasomaji wa Kaloleni



Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, mzazi wa hapa hupanda matatu kwenda Mariakani au Mombasa akiwa na orodha mkononi. Hata pale serikali ilipoleta vitabu vya masomo shuleni, vya marudio havikosi kutajwa: Hisabati, Kiingereza, Sayansi. Akimaliza kuvinunua, zimebaki nauli na pesa za mkate. Mtoto anapokea mfuko wenye vitabu vinne au vitano, na ndani yake hamna hata kimoja alichokichagua mwenyewe.

Vitabu hivyo ni vya lazima, na hakuna anayesema visinunuliwe. Shida ni kwamba mtoto anayekijua kitabu kwa ajili ya mtihani tu hukifunga siku ya mtihani na asikifungue tena. Angalieni hata vitabu teule vya fasihi vya kidato cha nne. "Nguu za Jadi" ya Clara Momanyi na "Bembea ya Maisha" ya Timothy Arege ni kazi za watu walioketi wakafikiri. Lakini wapo wanafunzi wengi wanaonunua mwongozo, wakakariri maudhui na sifa za wahusika, wakafaulu, na kitabu chenyewe hawakukifikisha hata nusu. Ni kama mtu aliyesimuliwa harusi na jirani akahesabu kwamba alikula pilau.

Basi swali ni hili: nje ya orodha ya shule, kitabu kizuri kinatafutwa wapi, na cha nani?

Inafaa kuanza na jambo la karibu. Wadi moja ya hapa inaitwa Kayafungo. Jina hilo mtoto hulisikia wakati wa uchaguzi, hulisikia kwenye foleni ya basari, na anaweza kufikisha miaka 18 bila kujua kwamba Kaya Fungo ndiyo Kaya Giriama, mahali ambapo mwaka 1913 watu walikula kiapo cha kutowalipa Waingereza kodi wala kuwapelekea vijana wakafanye kazi. Mekatilili wa Menza alikamatwa, akapelekwa mpaka Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakatoroka na kurudi. Mwaka 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti. Habari hii imo vitabuni, tena kwa umri zaidi ya mmoja. Elizabeth Mugi-Ndua alimwandikia msomaji kijana kitabu chembamba, "Mekatilili wa Menza: Woman Warrior". Mtu mzima anayetaka kujua kwa nini Wagiriama walifika hapo, biashara yao ya nafaka na pembe ilikuwaje na mashamba ya ng'ambo ya Sabaki yaligombewa vipi, atakipata hicho katika kitabu cha Cynthia Brantley, "The Giriama and Colonial Resistance in Kenya, 1800–1920", kilichotoka mwaka 1981. Baba anaweza kusoma kile kinene na binti yake kile chembamba, kisha usiku wakabishana juu ya mtu mmoja. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata vitabu vya rika tofauti: chagua jambo ambalo nyumba nzima inalijali, kisha mtafutie kila mtu kitabu chake juu ya jambo hilo.

Kwa wadogo wa chekechea, mambo ni machache. Kitabu kiwe na picha kubwa, maneno machache kwa ukurasa, na sentensi inayorudiwa mpaka mtoto aidakie mwenyewe kabla haijasomwa. Wapo wazazi na akina bibi wanaoona haya kwa sababu hawakusoma. Haya hiyo haina msingi. Hawe anayejua hadithi ana nusu ya kazi mkononi: afungue kitabu, atazame picha, asimulie kwa Kigiriama anavyoona yeye, na mtoto ageuze kurasa. Aliyezoea kuitikia "pakawa" baada ya "paukwa" anajua tayari kwamba hadithi ina mwanzo wake na kwamba msikilizaji naye ana kazi. Akifika shuleni, herufi zitamkuta ameshaupenda ukurasa. Mwenye simu iliyo na intaneti anaweza pia kutafuta African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014, ambao hutoa bure hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zikiwa zimepangwa kwa hatua kuanzia neno moja moja. Simu lakini ina vishawishi vyake, na mtoto wa miaka minne hachelewi kuvigundua. Mwalimu akiweza kuzichapa karatasini itakuwa bora zaidi.

Kwa wa shule ya msingi, msiogope vichekesho wala katuni. Wakenya waliokua miaka ya 1980 wanazikumbuka Pichadithi, ngano za kwetu zilizochorwa kama katuni, na wengi wao walizisoma mara kumi kumi. Hekaya za Abunuwasi nazo hazijazeeka, na mjanja anayemshinda tajiri kwa maneno humfurahisha mtoto wa leo kama alivyomfurahisha babu yake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika hadithi fupi ya viungo vya mwili vilivyoshindana, mikono na miguu, na jinsi binadamu alivyokuja kutembea wima. Aliiandika kwa Kikuyu, na tangu jarida la Jalada lilipoitoa mwaka 2016 imefasiriwa kwa lugha zaidi ya mia. Ni nzuri kusomwa kwa sauti darasani, kila mtoto akiwa kiungo chake.

Vijana ndio wagumu. Kijana wa miaka 15 hataki kupewa mafunzo, anataka kujua nini kitatokea. Mpeni basi kitabu chenye kitu cha kutokea. "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1960, ni riwaya ya upelelezi. Mtu ameuawa, kila mmoja anasema ni mzimu, na Bwana Msa anakaa na kiko chake akitafuta sababu za kibinadamu. Kwa watu wa hapa, ambako kifo cha ghafla huzaa minong'ono kabla ya matanga kwisha, kitabu hicho si cha kujifurahisha tu. "Siku Njema" ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inamfuata kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake, na wengi waliosomeshwa riwaya hiyo kwa lazima wamekiri kwamba waliimaliza kwa hiari. Anayesoma Kiingereza vizuri apewe "The House of Rust" ya Khadija Abdalla Bajaber (2021): msichana wa Mombasa anapanda mashua ya mifupa akiwa na paka anayesema, anaingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi.

Hapo kuna jina moja la nyumbani ambalo halitajwi vya kutosha. Katama Mkangi, mwana wa Kilifi na mwalimu wa sosholojia wa chuo kikuu, aliandika riwaya tatu za Kiswahili: "Ukiwa" mwaka 1975, "Mafuta" mwaka 1984 na "Walenisi" mwaka 1995. Katikati ya hizo mbili za mwisho aliwekwa kizuizini, mwaka 1986, wakati serikali ilipowasaka wasomi. Wengine wanamkumbuka kwa siasa, kwa kuwa mwaka 1997 aligombea urais. Alifariki mwaka 2004. "Walenisi" ni riwaya ya kubuni safari ya angani. Dzombo anahukumiwa kufa, anarushwa ndani ya chombo, na badala ya kufa anatua nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Jina lenyewe ukilikata linatoa maneno matatu: wale ni sisi. Kijana wa Kaloleni anayedhani hadithi za anga ni za Wamarekani peke yao angefurahi kujua kwamba mmoja wa walioziandika kwa Kiswahili alikuwa mtu wa kwao, na mhusika wake mkuu ana jina ambalo huenda liko kwenye sajili ya darasa lake.

Sasa watu wazima. Wengi husema wakati wa kusoma umewapita, au kwamba kitabu hakina habari yao. Kimoja kina habari yao hasa. Miaka ya 1960 mtaalamu mmoja Mwingereza, David Parkin, aliishi na wakulima wa Kigiriama wa Kaloleni, na mwaka 1972 akatoa kitabu "Palms, Wine, and Witnesses". Kinahusu minazi, mnazi wa kunywa, na mashahidi. Alieleza jinsi watu wachache walivyoanza kununua minazi na mashamba ya wenzao kwa faida ya mbata. Wakati huo mauzo hayakuwa na karatasi ya maana; hati ilikuwa mzee. Shamba likigombaniwa, mzee aliyekuwepo siku ya mapatano ndiye aliyesema lipi ni la nani. Kwa hiyo hata tajiri kijana hakuweza kuwadharau wazee, maana bila wao mali yake ingekuwa maneno matupu. Parkin aliona jambo jingine la kushangaza. Baadhi ya waliokuwa wakiinuka kiuchumi walisema wamepandwa na pepo la Kiislamu, na tangu hapo wakaacha kunywa mnazi na kula nyama za matanga pamoja na wengine. Kwa njia hiyo waliepuka gharama za ukarimu bila kuonekana wachoyo.

Msomaji wa hapa anaweza kumpinga Parkin, na afanye hivyo. Wapo watu ambao babu zao walikuwa pale. Ila kitabu hicho kinauliza swali lililo hai. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna ugomvi wa shamba. Anayesoma kwamba mvi za mzee zilikuwa zamani ndiyo sajili ya ardhi ya kijiji ataitazama upya habari ya mzee aliyekatwa panga usiku. Na kijana anayeona mzee wake akiwekewa karatasi ya mauzo aweke kidole gumba, akiwa amezoea kusoma kurasa ndefu, ataomba aisome kwanza.

Kwa anayependa ushairi, "Sauti ya Dhiki" ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa gerezani, na inaeleweka zaidi ikisomwa kwa sauti kuliko kimya kimya. Anayependa riwaya nzito ana "Peponi", tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Ida Hadjivayanis aliifasiri, ikatoka mwaka 2022. Anayependa lugha yake ya mama ajue kwamba mmishonari W. E. Taylor alichapisha msamiati na mkusanyo wa Kigiriama mwaka 1891. Maneno yaliyomo humo, mengine yametoweka vinywani mwa watoto.

Namna ya kuchagua ni fupi. Fungua katikati, si mwanzo, kwa sababu mwanzo kila mwandishi hujipamba. Soma ukurasa mmoja. Mtoto akikwama kwa maneno zaidi ya matano katika ukurasa huo, kitabu kingali juu yake. Kiwekwe, atakirudia mwaka ujao. Akikichoka baada ya sura mbili, asilazimishwe, apewe kingine. Na umri ulioandikwa kwenye jalada usimzuie mtu: mama anayesoma gumbaru atajifunza haraka zaidi kwa kitabu cha hadithi cha darasa la tatu kuliko kwa ubao mtupu. Tazameni pia kama kurasa zimefifia na gamu inaachia, maana nakala za wizi ni nyingi mitaani na mwandishi hapati kitu.

Limebaki suala la pesa. Familia moja haiwezi kununua vyote vilivyotajwa hapa, na hakuna haja. Kumi zikikubaliana, kila moja ikanunua kimoja tofauti, kila nyumba ina vitabu kumi vya kuzungusha mwaka mzima. Inatosha daftari la kuandika nani kachukua nini. Na kuna upande wa umma. Tangu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne limeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kwa hiyo rafu ya vitabu katika wadi ni jambo ambalo mwananchi anaweza kulidai mahali panapohusika, kama anavyodai maji na barabara. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hutakiwa kufika kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Wakati huo, mtu wa Mariakani, Kayafungo, Kaloleni au Mwanamwinga akisimama, asiseme tu "tunataka maktaba". Ataje jengo lililopo ambalo halitumiki, ni watoto wangapi wako karibu nalo, nani atashika ufunguo, na vitabu vipi viwe vya kwanza kununuliwa. Orodha aiandike kabisa na kuikabidhi kwa karani anayeandika maoni, naye abaki na nakala.