Bakora ya Mpingo: Weusi Hupakwa, Uzito Haupakwi



Wengi wetu huingia Kariakoo kutafuta bakora ya mpingo ya kumzawadia mzee. Bei yake ni ya juu kwa sababu mpingo ni mti mgumu, wenye kukua polepole, na ndio unaochongewa klarineti zinazopigwa duniani kote. Kwa hiyo wapo wanaopaka mti wa kawaida rangi nyeusi na kuuuza kwa jina hilo.

Kwanza, pima uzito. Kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji: kipande chake huzama, ilhali miti mingi mingine huelea. Mwombe muuzaji kipande cha masalio. Usiiloweshe bakora yenyewe.

Pili, kagua ncha ya chini. Weusi wa mpingo, wenye kukaribia zambarau, umeingia hadi ndani; weusi wa rangi huishia juu, na penye mkwaruzo huonekana mti mweupe. Mstari wa manjano pembeni usikutie shaka, kwani ni tabaka la nje la mpingo wenyewe.

Tatu, usihukumu kwa kufuta na kitambaa pekee. Hata mpingo halisi huweza kupakwa kiwi ili ung'ae.

Mwisho, dai risiti iliyoandikwa "bakora ya mpingo", si "fimbo" tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na neno hilo moja ndilo ushahidi wako utakapolalamika.