Yuriki Imepanda Chati, Presha Imesahauliwa

Tangu ipite Siku ya Kiharusi Duniani, tarehe 29 Oktoba, simu za redio hii zinauliza jambo moja: asidi ya yuriki, ile ya ugonjwa wa gauti, inaleta kiharusi, au inakitibu? Huyu katumiwa ujumbe kwamba aliyepooza asiguse maini wala dagaa. Yule katumiwa mwingine kwamba Ulaya wagonjwa wanatundikiwa yuriki hiyohiyo kwa dripu. Katikati yao amesimama muuza chupa za “dawa ya kusafisha asidi”, ambaye tangazo lake lilifika hadi hapa kwetu. Tumelikataa.

Habari ya dripu ni ya kweli. Huko Uhispania, timu ya Dakta Ángel Chamorro wa Barcelona iliwapa wagonjwa wa kiharusi miligramu 1,000 za yuriki pamoja na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Damu inaporudi kwa kishindo kwenye ubongo uliokosa hewa, huzuka kemikali zinazounguza seli, na yuriki ina uwezo wa kuzizima. Wagonjwa walikuwa 411. Matokeo yalitoka mwaka 2014: baada ya siku 90, waliopona vizuri kabisa walikuwa 39 katika kila 100 kwa waliopewa yuriki, na 33 kwa wasiopewa. Tofauti hiyo, wataalamu wa takwimu wanasema, yaweza kuwa bahati tu. Wanawake walionekana kunufaika zaidi. Mwaka 2023 Wamarekani wakatangaza kwamba imewasaidia panya. Basi, imeishia hapo.

Waingereza nao wakaenda kinyume, wakaishusha. Watu 464 waliowahi kupata kiharusi walifuatiliwa kwa miaka miwili; baadhi walimeza alopurinoli, dawa ya gauti, wengine vidonge visivyo na dawa. Picha za ubongo hazikuonyesha nafuu iliyotarajiwa. (Mwenye gauti asiiache alopurinoli yake kwa sababu hiyo, goti lake linajua kazi yake.)

Linalotutia hofu sisi ni presha. Tulisema mwaka jana, tunasema tena: presha.

Wapo waliotupigia wakisema wamepima yuriki, wakaikuta juu, wakaacha vidonge vya presha. Kwa nini? Kwa sababu mtu kawaambia kwamba bendro, dawa ya presha ya kukojoza, inapandisha yuriki. Ni kweli inapandisha, sawa na dawa nyingine kadhaa za kukojoza. Figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya yuriki mwilini, na dawa hizo huzifanya ziirudishe kwenye damu. Lakini dawa hiyohiyo ndiyo inayoishusha presha, na presha ndiyo inayopasua na kuziba mishipa ya ubongo. Ukiitupa bendro kwa kuogopa yuriki, umemfunga shahidi na kumwacha mwizi sebuleni. Kama yuriki inakusumbua kweli, rudi kwa daktari; ipo losatani, inayoshusha presha na yuriki kidogo. Daktari akubadilishie. Usijibadilishie.

Na presha yenyewe nani anaipima? Na kiharusi tunacho: watafiti waliokifuatilia nchini Tanzania kati ya 2003 na 2006 walikuta kwamba, umri ukishalinganishwa, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya 316 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000, na wilaya ya Hai, mashambani, 109. Karibu mara tatu! Mjini, penye hospitali! Leo kijana atalipia kipimo cha yuriki kwa sababu kimepanda chati, na hajawahi kufungwa mkanda wa presha mkononi.

Halafu kuna masaa, muda wa kumfikisha mgonjwa hospitali. Kila mgonjwa wa utafiti ule wa Uhispania alitibiwa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na picha ya ubongo ilikuwa imeshapigwa, maana ukimpa dawa ya kuyeyusha damu mtu ambaye mshipa wake umepasuka, unaweza kumuua. Masaa manne na nusu! Kwetu masaa hayo yanakwisha mgonjwa akiwa bado anafukiziwa ubani kwa sababu “amepigwa na upepo”. Kisha zahanati. Kisha barua ya rufaa. Kisha mashine ya CT, ya kupiga picha hiyo, imeharibika, au mwenye kuiendesha arudi Jumatatu. Yuriki ya nini hapo?

Ndugu msikilizaji, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, ulimi ukawa mzito, usisubiri asubuhi. Usimpe maji, usimpe kidonge, usimpe chupa ya mtu yeyote, tafuta gari. Bodaboda wa mtaa, mjue hospitali ipi inapokea. Wajumbe wa nyumba kumi, lisemeni. Mashehe, mapadri, wachungaji, lisemeni kabla ya sadaka, lisemeni na baada yake!

Na nyinyi wa Wizara ya Afya, hatuwaombi yuriki ya Barcelona. Tunaomba orodha. Hospitali kwa hospitali, mkoa kwa mkoa: wapi mashine ya CT inafanya kazi saa nane ya usiku, na nani yuko zamu ya kuisoma picha. Ileteni. Tutaisoma hewani bure, kila siku, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili.