Maneno ya Mwakilishi wa Kina Mama, Sikukuu ya Wanawake, 8 Machi



Leo nawasimulia habari za Margaret Ekpo wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1914, mwenye chuo cha ushonaji mjini Aba. Baada ya Vita Kuu ya Pili chumvi iliadimika. Mama huyo akanunua magunia ya chumvi madukani, wakauziwa wanachama wa umoja wa kina mama peke yao. Waume waliokuwa wakiwazuia wake zao kwenda mikutanoni wakawaruhusu. Kufikia mwaka 1955, wanawake walioandikishwa kupiga kura Aba waliwazidi wanaume. Mwaka 1961 alichaguliwa kuingia Bunge la Jimbo la Mashariki, akakaa humo hadi mapinduzi ya 1966.

Ndugu zangu, hapa kambini foleni ya posho imejaa kina mama, lakini mezani posho inapojadiliwa tu wachache. Anayepika ndiye ajuaye chakula kinaisha siku gani. Uchaguzi wa kamati ukifika, tujiandikishe, tugombee. Nanyi baba zetu, msituzuie.