Kidonda cha Kifundo na Damu ya Kurithi



Wandegeya imekaa bondeni kati ya kilima cha Makerere na kilima cha Mulago. Basi wakazi wake hawana udhuru wa kusema kuwa elimu ya maradhi iko mbali. Hata hivyo akionekana kijana mwenye kidonda juu ya kifundo cha mguu, kisichopona mwaka hata mwaka, majirani hunong'ona kuwa amerogwa, au kwamba mama yake ana mkosi. Kumbe huenda asili ya kidonda hicho imo katika damu, nayo ni selimundu.

Chembe nyekundu za mtu mwenye afya ni mviringo na laini, huishi siku zipatazo 120. Za mgonjwa wa selimundu, zikipungukiwa na oksijeni, hukakamaa na kupinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo, zikaumiza kuta zake, na kupasuka kabla ya wakati. Yaliyomo ndani yake yakimwagika huizuia mishipa isitanuke sawasawa. Kifundo kiko mbali na moyo, ngozi yake nyembamba, na damu hukipanda kwa taabu. Ndipo mkwaruzo mdogo ukawa jeraha la miezi. Dawa yake si majani ya kubandika. Ni kusafishwa, kufungwa bandeji, kuinua mguu, na kutibiwa damu yenyewe hospitalini.

Mwaka 1949 wataalamu Lehmann na Raper walieleza kuwa alama ya selimundu ilikuwamo kwa Waamba wapatao 45 katika kila 100, na kwa Wakaramoja ilikuwa chache sana. Sababu ya wingi huo ni malaria, kwani anayebeba alama hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingika kiasi na homa hiyo, na mwenyewe huwa mzima. Watoto wachanga waliopimwa nchini Uganda mwaka 2014 na 2015 walikuwa na alama 13.3 katika kila 100.

Kumlaumu mama peke yake ni dhuluma. Mtoto haugui ila wazazi wote wawili wamempa. Na wakiwa wote wabebaji, kila mimba ina fungu moja katika manne la ugonjwa. Wachumba na waende kupimwa kabla ya siku ya nikaha kutangazwa, wala majibu yao yasisomwe barazani.