Kondoo, Mbwa na Ugonjwa wa Vifuko vya Maji
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Morogoro)



Nimetakiwa kunena juu ya wadudu na minyoo ya kondoo iletayo maradhi. Habari za kupe mmezisikia mara nyingi kwa Bwana Mifugo, wala sina haja ya kuzirudia. Nitasema juu ya mnyoo mmoja tu, kwa sababu wanaoukuza ni watu wenyewe, mlangoni pao.

Mnyoo huo ni namna ya tegu, mdogo sana, urefu wake haupiti milimita 7 hivi, na makao yake ni matumbo ya mbwa. Mayai yake hutoka katika mavi ya mbwa, yakaenea majanini na majini. Kondoo akiyala, mtoto wa mnyoo hupenya matumbo, akachukuliwa na damu mpaka inini au mapafuni, na huko hufanyika kifuko chenye maji, nacho hukua polepole. Mtu naye akiyameza, kwa mboga isiyooshwa au kwa mkono uliomshika mbwa, hupatwa na yale yale yaliyompata kondoo. Huweza kukaa miaka mingi asisikie neno. Kisha tumbo huvimba, au pumzi humpungukia. Kifuko kikipasuka ndani ya mwili huweza kumwua mara moja. Dawa ya kumeza ipo, iitwayo albendazoli, walakini wagonjwa wengi hawana budi kupasuliwa.

Watu wengi hudhani hatari iko katika kula nyama. Sivyo. Hatari ni lile ini lenye vifuko, ambalo mchinjaji huliona baya, akalitupa, na mbwa akalinyakua. Majuma sita au saba yakipita, mbwa yule ana minyoo iliyokomaa, naye hulala barazani pamoja na watoto.

Nchi ya Turkana, kaskazini ya Kenya, imejulikana kwa ugonjwa huu kupita karibu nchi zote za dunia, na katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilifanya kazi huko ya kuwapasua wagonjwa na kuwapa mbwa dawa. Kwetu Tanzania umeonekana kwa Wamasai wa Ngorongoro. Milimani Uluguru kondoo ni wachache, lakini bondeni, upande wa Kilosa na Mvomero, wafugaji wana makundi. Kondoo wa machinjioni hukaguliwa. Wa Idi, wa arusi na wa matanga huchinjwa uani, wala hapana mkaguzi.

Kisiwa cha Iceland, kaskazini ya Ulaya, kiliteswa vibaya. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda kuchunguza, na mwaka uliofuata kijitabu chake kiligawiwa nyumba kwa nyumba. Watu walikisoma, wakaacha kuwapa mbwa maini mabovu, na baada ya miaka mingi ugonjwa ukaisha kisiwani. Sisi makarani, ambao kazi yetu ni karatasi, tuna haki ya kuifurahia habari hiyo.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba neno hili lipigiwe kura leo: kabla ya Idi ya kuchinja lichimbwe shimo moja nyuma ya nyumba za wanachama, lenye kina cha kutosha mbwa asifukue, na ujira wa wachimbaji utoke katika mfuko wa Chama. Kadhalika Katibu amwandikie Bwana Mifugo, kumwuliza bei ya dawa ya mbwa.